Jiwe la Beseni

“Kwa hiyo kuku wangu alijiua? Aliamka asubuhi, akaona dunia imemchosha, akaja kufia uani kwako?”

Eustaquia alikuwa amemshika kuku miguu, kichwa kinaning’inia, naye anamtikisa juu ya ua kila alipotaka neno lake lisikike vizuri. Manyoya yalipeperuka. Nyuma yake walikwisha kusimama wanawake kadhaa na ndoo zao, maana pale Punta Caracol kisima kiko mbali lakini habari iko karibu.

“Sijasema amejiua, Bi Eustaquia,” alijibu Basilia toka upande wa pili, mkono kiunoni. “Nasema kuku mwenye kwao hashindi kwa jirani kama mpangaji.”

“Akishinda kwako ndiyo umpe sumu?”

“Nani kampa? Alijikaribisha mwenyewe!”

“Maji ya muhogo mchungu, beseni wazi, kweupe, chini ya ruguma! Hata mtoto anayenyonya hapa kijijini anajua beseni hufunikwa, libaki tundu la matone tu, na juu ya kifuniko huwekwa jiwe. Jiwe, Basilia! Marehemu mama yako alikuwa na jiwe lake la beseni, jeusi, kama naliona. Liko wapi?”

Jiwe lilikuwa palepale chini ya mti, pembeni ya beseni, linaota jua kama mtu asiye na kazi. Juu yake ruguma, ule mfuko mrefu wa kusukwa wanaokamulia muhogo, ulikuwa bado unaning’inia tawini, mnene katikati kama nyoka aliyemeza mbuzi, na matone yake ya mwisho yanadondoka tk, tk, ndani ya maji yaliyomuua kuku.

Basilia aliinua macho, na ng’ambo ya njia akamwona mdogo wake, Crisanta, na kikapu chake cha dukani. Alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa jina lake asijue aitike au apite.

“Ni mimi,” Basilia akasema haraka. “Jana nilichoka, nikasahau jiwe.”

“Wewe?” Eustaquia alimpima toka utosini hadi kwenye kandambili. “Wewe unayefunika beseni hata likiwa tupu?”

“Uzee, mama.”

“Uzee gani! Juzi matangani umecheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji!”

Wale wa ndoo wakacheka. Basilia naye angecheka siku nyingine.

“Basi chukua mtetea wangu yule mwekundu, yaishe.”

“Simtaki mwekundu wako. Huyu alikuwa anaatamia, Basilia. Hivi tunavyoongea mayai yake yanapoa. Mwekundu wako atayakalia? Yule mzururaji, hakai mahali pamoja hata dakika!” Eustaquia akampakata kuku wake kama mtoto mchanga. “Uongo naujua harufu yake. Kuna mtu alikuwa hapa kwako jana, na nitamjua.”

Crisanta alishika njia ya kwao bila kugeuka. Dukani hakufika.

* * *

Na mtu huyo, kwa kweli, alikuwa ni Crisanta.

Kila Alhamisi mumewe, Evelio, alikwenda mjini Tela kununua vipuri. Alikuwa fundi wa injini za boti, fundi hasa, na kibanda chake pale pwani kilikuwa baraza la kijiji kizima. Mtu mwenye boti nzima alikwenda kumtembelea ili tu achekeshwe. Evelio alikuwa na hadithi ya kila spana. Watoto aliwachongea meli. Wajane aliwatengenezea bure. Ukimtaja kwa ubaya pale Punta Caracol, mtu angekuuliza kama umeamka vizuri.

Lakini ulimi wake aliuacha kibandani pamoja na spana. Akivuka kizingiti cha nyumba yake, alinyamaza. Si kwamba alichoka, wala si kwamba alikasirika, ingawa mwanzoni ilianza hivyo: chumvi ikizidi, siku mbili hasemi, Crisanta akichelewa kurudi, wiki. Kisha zile wiki zikaungana. Sasa alikuwa na kijiko. Akigonga meza mara moja, anataka maji. Mara mbili, chakula. Mara tatu, kuna kitu hakikumpendeza, na Crisanta alitakiwa akitafute mwenyewe kitu hicho mpaka akipate.

Basilia alikuwa amelijua jambo hili mwaka juzi, nyumba yake ilipoezuliwa na kimbunga naye akalala kwa shemeji yake siku mbili tatu. Yeye alikuwa amezoea nyumba ambayo mtu anaoga huku anagombana na aliyeko jikoni, wajukuu wanapigania mto, na daima yuko mpwa mmoja ambaye hakuna anayekumbuka alikuja lini. Kwa Evelio alisikia saa ya ukutani ikitembea. Jioni akasikia kijiko. Akadhani shemeji anaua mende.

Tangu hapo hakumpa mdogo wake nafasi ya kupumua.

“Rudi nyumbani, Crisanta.”

“Hanipigi, dada. Halewi. Hana mwanamke nje. Nikienda kwa padre nitamwambia nini? Baba, mume wangu amenyamaza?”

“Hivyohivyo.”

“Ataniambia nimshukuru Mungu. Wenzangu wanafunga na kusali waume zao wanyamaze.”

“Jiwe nalo halipigi mtu, wala halilewi. Lakini nani amevaa shela akaenda kanisani kufunga ndoa na jiwe?”

Crisanta alicheka kidogo, mkono mdomoni. Kisha akasema lile lililokuwa chini ya mengine yote: “Nikitoka nitakula nini? Kwako vinywa vimejaa hadi mlangoni.”

“Utakula ereba yako. Jiko la mama liko nyuma ya nyumba, linalala popo tu. Bamba la chuma la kuokea lipo. Shamba nitakupa matuta. Pale Tela mikate yetu ya muhogo wanaigombania.”

“Ereba haiokwi na mtu mmoja. Unajua.”

Basilia alijua. Muhogo mchungu hauna urafiki na mpweke. Kuuchimba, kuumenya, kuukuna juu ya mbao zilizopandwa vijiwe, kuushindilia kwenye ruguma na kukalia gogo la kuukamua: kazi hiyo inataka mikono mingi na midomo mingi, maana bila wimbo mkono unachoka mapema. Wala hakuna anayelipwa. Leo unanikunia mimi, kesho nakukunia wewe. Na asiyekwenda kwa wenzake, kwake hawaji. Crisanta, aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo tangu hajaota matiti, hakuwa amekwenda kwa mtu miaka yote ya kijiko. Evelio hakumkataza. Alirudi tu siku moja akamkuta hayupo, akagonga mara tatu, na akaendelea kugonga mara tatu kila jioni mpaka mwisho wa mwezi.

Ndiyo sababu Alhamisi hizi zilikuwa za siri. Basilia hakualika wakunaji. Walikuna wawili, kidogo kidogo, ili vidole vya mdogo wake vikumbuke. Na Alhamisi ile ndiyo kwanza Crisanta kaliweka beseni sawa chini ya ruguma, mara kicheko kikasikika njiani. Kicheko cha Evelio, karudi mapema. Crisanta alipita kwenye migomba kama mwizi, Basilia akakimbilia njiani kumchelewesha shemeji kwa salamu, na jiwe likabaki chini.

* * *

Mchana wa Ijumaa Basilia alijifunga kitambaa akaenda kwa shemeji yake. Akapitia kibandani, hakuwa na njia nyingine.

“Mtaniwia radhi, wakubwa,” Evelio aliwaambia wavuvi waliomzunguka, “huyu ndiye shemeji yangu, anatafutwa kwa mauaji. Shemeji, kuku alikukosea nini?”

Walicheka wote. Basilia naye alijikuta anatabasamu, maana mtu huyu alikuwa na njia ya kukuchekesha kabla hujakumbuka kwamba humpendi. Hilo ndilo lililomwudhi zaidi.

Ndani Crisanta alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

“Umebeba kosa langu,” alisema kwa sauti ndogo.

“Kuku tu yule. Eustaquia atanuna mpaka Jumapili, halafu atakuja kuomba chumvi.”

“Si kuku, dada. Humu ndani sisemi. Huko nje ananisemea Evelio: mke wangu anasalimu, mke wangu kichwa kinamwuma. Jana nilifanya kosa, langu mwenyewe, la kwanza baada ya miaka, na hilo nalo ukalisema wewe.”

Basilia alikuwa ameona amemfichia mdogo wake aibu. Hakuwa amefikiri kwamba hata aibu mtu anaweza kunyang’anywa.

“Nilitaka asijue kwamba unakuja kwangu.”

“Najua ulitaka nini.”

Mlango wa nje ulifunguka. Kiti kikavutwa. Ko, ko. Na Crisanta, neno likiwa bado mdomoni, alisimama, akafuta mikono, akachukua sahani. Basilia alimwona akisimama kama mtu anavyofumba jicho vumbi likija, bila kuamua.

“Kaa chini,” akamnong’oneza. “Crisanta. Mwache aseme.”

“Niache, dada.”

“Nyumba ile kule imejaa watu wanaokupenda, wewe unakaa hapa unaitwa kama punda! Punda afadhali, anaambiwa ‘twende’!”

Alikuwa amesahau kunong’ona. Ukutani saa ilitembea. Kule mezani, ko, ko, taratibu, bila haraka, kama mtu asiyesikia. Crisanta alimtazama dada yake na macho yaliyojaa maji, na si maji ya huzuni.

“Yeye ananigongea kijiko,” alisema. “Wewe unanigongea maneno. Nikitoka hapa kwa sababu yako nimehama mezani kwake nimehamia mezani kwako. Nenda nyumbani.”

Basilia alikwenda. Njia nzima hakumsalimu mtu, na usiku ule wajukuu walikula mapema bila kugombana, wakijiuliza nani amekufa.

* * *

Jumapili, baada ya misa, watu wa Punta Caracol hawaendi nyumbani. Misa ni ya Mungu, uwanja ni wa watu. Pale chini ya kengele ndipo posa huvunjika na mashamba hubadilishwa, na pale ndipo Eustaquia, ambaye mkono wake ndio huwaita wakunaji wote wa upande wa mashariki, alimsimamisha Basilia tena.

“Mayai nimemwekea kuku wa binti yangu. Sijui kama atayakubali. Nasubiri jina.”

“Nimekwisha kukwambia ni mimi, Bi Eustaquia. Mbele ya kanisa hili nitasema mara ngapi?”

“Mbele ya kanisa ndipo usiseme sana.”

Evelio alifika na shati lake jeupe, mkewe nyuma yake kidogo. “Jamani!” akaita, na watu wakageuka, tayari wamekwisha kucheka nusu. “Leo mkialikwa chakula kwa shemeji yangu, kuku aonje kwanza!”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata padre, mlangoni, aligeuza uso upande. Basilia alishika upindo wa kitambaa chake akasubiri ipite. Kwa ajili ya mdogo wake angechekwa mpaka Pasaka.

“Ni mimi.”

Sauti haikuwa kubwa, na kwa kuwa wengi walikuwa hawajaisikia muda mrefu, walitafuta imetoka wapi. Crisanta alikuwa amesogea mbele ya mumewe.

“Bi Eustaquia, jiwe nililisahau mimi. Si dada. Huwa nakwenda kwake Alhamisi, Evelio akienda Tela. Tunakuna muhogo. Nilisikia anarudi, nikakimbia kabla sijaliweka jiwe.” Akamtazama Eustaquia usoni. “Nilikuwa nimekwisha kulishika. Nisamehe kwa kuku wako.”

Watu wote pale waliweza kuhesabu. Mke wa mtu kumtembelea dada yake, hatua chache, mchana kweupe. Kwa nini akimbie? Macho yalianza kwenda kwa Evelio, kwanza ya wanawake, halafu hata ya wavuvi. Tabasamu lake lilikuwa bado liko usoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba mvua inakuja.

“Mke wangu kichwa kinamwuma,” alisema.

“Hakiniumi,” alisema Crisanta.

Eustaquia hakumtazama Evelio. Alimtazama Crisanta kwa muda, midomo ameikunja, kama mtu anayepima kitambaa.

“Basi ni wewe ninayekudai,” alisema. “Kuku wako simtaki, huna. Jumatano nakuna kwangu. Uje na ubao wako. Na uimbe, maana yule marehemu kila akitaga alikuwa anaimba mtaa mzima unamsikia. Nyumba imepoa.”

“Nitakuja.”

“Haya. Na wewe Basilia, mwongo mkubwa, uje na tambo zako za kusimulia.”

* * *

Alikwenda. Watu walisema hatakwenda, wengine waliwekeana madau ya kijinga, lakini Jumatano asubuhi Crisanta alipita na ubao wa mama yao kichwani. Basilia alijikalia mwisho wa mstari, akajifunga mdomo kama aliyefungwa na mganga. Hakumwambia “keti hapa”, hakumwambia “shika hivi”. Ilimwuma kama jino.

Mwanzoni hawakumsemesha. Domitila, ambaye ulimi wake ungekata muhogo bila kisu, alisema kwa hewa, “Wengine vidole vyao laini kama vya askofu.” Crisanta aliendelea kukuna. Damu ikamtoka kidoleni, akainyonya, akaendelea. Ndipo wimbo ulipoanza kulegea katikati, kama kawaida jua likipanda, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuinua. Na yeye akauchukua. Sauti ilikuwa na kutu. Ilikwama ubeti wa kwanza, ikakohoa, kisha ikapata njia, na mbao zote zikaingia nyuma yake, shua, shua, mpaka Domitila akasema, “Mtoto wa watu alikuwa amefukiwa hai,” akavuta ubao wake akakaa karibu.

Jioni ile Crisanta alirudi kwake. Yaliyotokea Basilia alisimuliwa baadaye, mara moja tu, na kwa maneno machache. Evelio alikaa mezani akagonga mara mbili. Chakula kilikuwa tayari jikoni. Crisanta alivuta kiti cha pili, akakaa mbele yake.

“Nilimwambia: Evelio, sema ‘nipe chakula’, nitakupa. Sema ‘umenikosea’, nitakusikiliza. Sema hata ‘toka’, nitatoka. Sema chochote. Nilisubiri, dada. Nilimwona koo linapanda linashuka. Nadhani alitaka. Nadhani hajui neno ameliweka wapi.”

“Halafu?”

“Akagonga.”

Kwa hiyo alimpakulia, kwa mara ya mwisho, maana chakula hakina kosa. Kisha akachukua nguo zake, sanamu ya Bikira ya mama yao na ule ubao. Njia ya migomba ilikuwepo, fupi na yenye giza la kutosha. Hakuipita. Alipita barabara kuu, saa ile ambayo kila mtu yuko kibarazani, na ubao kichwani, akisalimu mlango kwa mlango. Kijiji kilipata habari ya wiki mbili. Basilia alikuwa anaosha sufuria alipomwona getini. Maneno yote aliyokuwa amemwekea kwa muda wote ule yalimjia mdomoni kwa pamoja, akayameza.

“Popo nimewatoa,” alisema tu.

“Lini?”

“Mwaka juzi.”

* * *

Hakuna aliyetajirika. Miezi ile ya kwanza Crisanta alikuna kwa kila aliyeita na kwa wengine wasioita. Mikono yake ilipasuka, ikafunga, ikawa migumu. Usiku, Basilia alimsikia mara nyingine akilia kule jiko la mama, na mara mbili alikwenda hadi mlangoni, akarudi. Siku moja asubuhi alimkuta ameketi na kijiko mkononi anakitazama tu.

“Nilikuwa nampenda, unajua,” Crisanta alisema. “Kabla hatujaoana alikuwa ananichekesha mpaka nashika ukuta. Nilidhani naolewa na yule.”

“Hata sisi tulidhani hivyo,” Basilia alimjibu, na akakaa naye mpaka chai ikapoa.

Siku ya kukuna kwake mwenyewe ilipofika, muhogo ulikuwa umelundikwa uani tangu alfajiri, na hakuna aliyekuja. Jua lilipanda ua. Basilia alizunguka na ufagio akifagia palipofagiwa.

“Nipite tu nyumba mbili tatu,” alisema. “Nasalimu tu.”

“Dada. Nimekwenda kwao wote. Wakija, wamekuja.”

Basilia akauegemea ufagio wake, karibu kulia.

Aliyetokea kwanza alikuwa Eustaquia, ubao kichwani na kikapu kwapani. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja chini ya mti, akainama penye beseni.

“Kifuniko nakiona. Jiwe?”

“Hilo hapo, Bi Eustaquia.”

“Na hilo?”

“La pili.”

“Na hili la tatu?” Eustaquia akainuka akishika kiuno. “Mwanangu, unafunika maji au unazika mtu?”

Kisha akatua kikapu, na ndani yake kulikuwa na vifaranga wawili, wamekwisha kuota mbawa, wamekasirika. “Yatima wa yule uliyemuua. Walee. Mmoja ni jogoo, atakuamsha.” Akageukia njia na kupaza sauti iliyofika pwani. “Nyinyi mnaojificha pale kwa Domitila mnangoja kuona nani ataanza, nimekwisha kuanza mimi! Njooni, muhogo unaoza!”

Wakaja. Domitila wa kwanza, anasema alikuwa anatafuta kiatu.

Mikate ile Crisanta aliipeleka Tela mwenyewe, akarudi na beseni tupu, na safari iliyofuata akakuta mama mmoja wa sokoni amemwekea nafasi karibu na mlango. Ikawa hivyo. Aliezeka jiko upya. Alinunua viatu vya mvua. Siku moja alimpa Basilia hela ya mafuta ya taa, mbele ya wajukuu, kama mpangaji wa haki, na Basilia aliyejaribu kukataa aliona uso wa mdogo wake, akapokea kwa mikono miwili.

Na kulikuwa na siku nyingine ya kukuna, kwenye mvua za mwisho wa mwaka, mbao kumi zinalia uani chini ya turubai. Mwenye siku ndiye hulisha wakunaji. Samaki wa siku ile Crisanta alimnunua mwenyewe; alikuwa anatokota kwenye tui, na Basilia anatwanga ndizi kwenye kinu kwa ajili ya hudutu, ule ugali wa ndizi, jasho linamtoka, anamsimulia Domitila habari ambayo Domitila ndiye aliyemletea. Watoto walikuwa wamekaa tayari na mabakuli.

Mara: ko, ko.

Ilitoka getini. Evelio alikuwa amesimama pale, shati limemkaa kubwa, mvua nyembamba mabegani, na vifundo vya vidole kwenye nguzo. Kibandani kwake, watu walisema, hadithi zilikuwa zimepungua. Wavuvi walikuwa hawacheki tena kabla ya wakati.

Mbao zilinyamaza. Basilia alishika mchi kwa mikono yote miwili, na si kwa kutwanga. Alimtazama mdogo wake. Crisanta alikuwa ameinamia chungu. Mkono wenye upawa ulisimama hewani, kisha ukaendelea kukoroga.

Ko, ko.

“Nasikia kigogota,” alisema Eustaquia. “Kwenye mvua hii?”

“Hutafuta wadudu,” alisema Domitila.

Hakuna aliyecheka sana. Evelio aliutazama mkono wake pale kwenye nguzo kama kitu alichokikuta njiani. Akaushusha. Basilia, ambaye alikuwa amemwekea matusi ya kumtosha mpaka kaburini, alijikuta anamsukumia neno kwa moyo, kama unavyomsukumia mtoto hatua.

“Hodi,” alisema Evelio. Ilitoka na kutu. Akajaribu tena. “Hodi hapa. Nimepita... nimesikia wimbo.”

Crisanta alifunika chungu, akajifuta mikono kwa aproni taratibu, akaja mpaka katikati ya ua. Hakuvuka kwenda getini.

“Kwako sirudi, Evelio,” alisema. “Ujue hilo kabla hujafungua geti.”

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, kama aliyekumbuka, akasema, “Nimesikia.”

“Haya.” Akaokota bakuli moja, akalifuta kwa upindo wa nguo. “Basi karibu ndani, ule. Mgeni hasimami mvuani.”